Kinyozi Anajifunza Kuogelea

Kila mtu alimwita Mkasi, hata wanawe, na jina lilimkaa sawasawa. Maisha yake yote alisimama nyuma ya kiti kimoja, mbele ya kioo kimoja, na alijua mtindo mmoja tu wa kunyoa: pembeni chini, juu ziachwe kidogo, na njia nyembamba upande wa kushoto, imenyooka kama imepigwa rula. Ukitaka mwingine, nenda kwingine. Wateja hawakwenda kwingine, na ndiyo maana mkewe hakuwahi kumpata Jumamosi hata moja.

Basi watoto walipochanga wakawakatia tiketi ya meli ya kitalii, ile mijumba ya baharini inayozunguka wiki baada ya wiki, mkewe alimkalisha kitako kabla hawajafunga mabegi. Mama huyu alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na mtu aliyezoea kupima vifurushi vya watu hababaishwi. Akamwambia hii ni safari yao wawili. Siku atakapomwona ameshika mkasi, bandari inayofuata atashuka, apande ndege arudi nyumbani, mumewe abaki na vichwa vyake. Naye hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara mbili. Mkasi akaapa. Kisha akaenda kuuviringisha mkasi wake ndani ya soksi, maana, jamani, mazoea yana taabu.

Siku za mwanzo alijitahidi, tusimwonee. Walikula, wakalala, wakatazama maji. Wakahamia upande wa pili wa meli, wakakuta maji ni yaleyale. Mkewe alikuwa na mazungumzo ya miaka mingi aliyoyaweka akiba, naye Mkasi akaitikia "enhe" na "kumbe" mpaka zikamwishia. Alimfuata mwenzake kwenye meza ya karata, kwenye darasa la kufuma, hadi mlangoni kwa choo cha wanawake, akasimama pale hajui mikono aiweke wapi. Wakati wa chakula mkewe alimtazama yeye, naye akatazama visogo vya watu. Na visogo hivyo, ole wake! Meli nzima ilikuwa imeota kama shamba lisilo na mwenyewe.

Aliyemponza ni mzee mmoja wa chumba cha jirani, mpiga tarumbeta mstaafu, ambaye nywele zilikuwa zimemfunika masikio yote mawili. Mkasi alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda. Akamshika mkono, akamshusha chini kabisa kwenye chumba cha kufulia, ambako mashine zinanguruma kiasi kwamba hakuna atakayesikia kwacha-kwacha ya mkasi, akamkalisha juu ya ndoo na kumfunga taulo shingoni. Mzee alitoka pale akiwa kijana. Siri ya watu wawili haikukaa hata siku moja. Wiki ya pili wanaume walipanga foleni wamekumbatia nguo chafu kama kisingizio, na waliokuwa na nguo safi wakazifua tena.

Jioni mkewe alimuuliza ameshindaje, na mbona mikono ya shati imelowa na ananuka sabuni. Mkasi akafungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba anajifunza kuogelea. Kwa nini kuogelea, hata yeye hakujua. Mkewe alifurahi mno, akampiga busu la shavu. Hapo ndipo palipokuwa pa kutubu, lakini nani anatubu akiwa amepigwa busu? Kesho yake akaeleza alivyofundishwa kuelea. Keshokutwa akawa anaogelea chali. Akapiga chuku mpaka akamsifia mwalimu, kijana mpole sana, ambaye hakuwako duniani.

Ilipobaki siku moja wafike bandarini, mkewe akamwambia kwa sauti laini kwamba amewaalika wenzake wote wa karata waje bwawani mchana, wamwone mzee wake anavyokata maji. Alikwisha kumnunulia kaptura.

Mchana ukafika, haukumwonea huruma. Mkasi alitembea hadi ukingoni na kaptura yake ya maua, maji ya shingo kabla hata hajayaingia. Wateja wake nao walikuja, wengine kwa kumwonea huruma, wengine kwa umbea tu, wakajaza viti upande wa pili. Akakadiria mambo mawili. Akisema kweli, kesho mkewe anashuka. Akiruka, pengine anakufa, lakini anakufa akiwa na mke. Akafumba macho, akanyanyua mguu mmoja.

Mkono ukamdaka kwa nyuma, kwenye mpira wa kaptura.

"Fumbua macho," mkewe alisema. "Watazame wale."

Akatazama. Safu nzima ya wanaume, warefu kwa wafupi, vijana kwa wazee, na kila kichwa kina njia moja nyembamba upande wa kushoto. Kichwa kilekile cha mumewe, alicholala nacho mama huyu tangu ujana. Alikuwa amekigundua tangu kwa yule mpiga tarumbeta.

"Ulikuwa tayari kufa maji kuliko kuniambia?"

Mkasi alikaa chini pale pale ukingoni, miguu mbali na maji. Akasema kweli, akaisema vibaya, kwa kukatakata. Kwamba si hamu ya kazi iliyomsukuma. Kwamba yeye hajui kukaa na mtu. "Nikishika kichwa cha mtu, maneno yanakuja. Nisipokishika, sina. Hata kwako sina. Nilikuona unanisubiri niseme kitu, nikaona aibu."

Mkewe aliumia, na ilionekana. Kisha akavuta kiti cha plastiki, akakaa kwa kumpa mgongo, akavua kofia yake ya jua. Mpiga tarumbeta akazunguka bwawa, akamletea mama kitana bila kuombwa.

"Haya, shika hiki," mama akasema. "Chana tu. Ukinipiga ile njia yako, kesho nashuka kweli."

Mkasi akasimama, akaanza kuchana. Akakohoa. Akaanza habari za mba wa fulani, mkewe akamkata kauli: si za wateja, zake. Kitana kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Naogopa maji," Mkasi akasema. "Tangu siku tulipopanda. Kule chini kwenye mashine hakuna dirisha."

Hilo mkewe hakuwa amelijua. Alipeleka mkono nyuma, akalishika goti la mumewe, na Mkasi akaendelea kusema.