Riwaya ya Otilia na Kiatu cha Kushoto

Usiku wa jana, Jumanne tarehe 14 Mei, saa nane na dakika kumi, ukungu ukiwa umeilalia Njombe kiasi cha kuificha hata taa ya jirani, niliota kwamba nimeteuliwa kukagua bweni lililomo ndani ya riwaya.

Sikushangaa. Nilisoma shule ya bweni, tena nilikuwa kiranja mkuu, na mtu aliyewahi kuwa kiranja mkuu haulizi kwa nini ameteuliwa. Nilinyoosha kola nikaingia.

Riwaya yenyewe naifahamu. Ni ya Otilia. Aliniazima tulipokuwa vijana, akasema, "Ponsi, ukimaliza njoo uniambie kama yule bwana alibisha hodi au hakubisha. Halafu tutazungumza." Bwenini kwetu, aliyeazima riwaya aliacha kiatu kimoja kwa mwenye kitabu, asije akajisahau. Mimi siachi desturi njema kwa sababu tu nimemaliza shule. Nilivua kiatu cha kushoto, nikamkabidhi, nikarudi nyumbani nikichechemea kwa heshima zote.

Niliishia katikati. Mhusika mkuu, ambaye kitabu hakimtaji jina, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mwanamke ampendaye, mkono juu, akijiuliza abishe au asibishe. Sura nzima! Sina subira na mwanamume asiyeujua moyo wake. Nilikunja pembe ya ukurasa, nikakiweka kitabu rafuni, na juma lililofuata nikanunua viatu vipya. Otilia hajaolewa, nami sijaoa. Kila Jumapili baada ya misa tunakutana nje ya kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Na kitabu changu, Ponsi?"

"Nakaribia."

Ndani ya riwaya kuna baridi ya alfajiri. Kila sura ina safu yake ya vitanda, na pembeni umepigwa mstari wa chokaa ambao mhusika haruhusiwi kuuvuka. Mwisho wa safu naona mlango wa kijani. Yule bwana yuko pale pale, mkono juu, vidole vimekunjwa tayari kugonga.

"Bado tu?" namuuliza.

"Shikamoo, kiranja," anasema bila kugeuka.

"Marahaba. Tranka lako liko wapi?"

"Chini ya kitanda. Ila nakuomba usilifungue. Moyo wangu umo."

Ukaguzi ni ukaguzi. Nalifungua. Ndani mna watu wawili wadogo, kimo cha chupa ya chai, wamevaa sare na wamekabana kola.

"Aende!" anafoka mmoja.

"Asiende! Atachekwa!"

"Asipokwenda hatachekwa?"

"Atachekwa, lakini akiwa amekaa."

Nawaamuru wapange mstari. Wanapanga, kisha wanaanza kugombana nani atangulie.

"Aibu," namwambia yule bwana. "Mtu mzima, moyo wako hauna nidhamu hata chembe."

Tranka la kitanda cha pili linakohoa. Limeandikwa jina langu kwa rangi nyeupe, na mwandiko ni wangu.

"Na mimi je, mkuu? Au ukaguzi ni wa wenzako tu?"

"Wewe ulikwishakaguliwa."

"Na nani?"

Kiranja hajibizani na tranka. Basi linajifungua lenyewe. Ndani mna shati lililopigwa pasi, na juu ya shati amelala mtu mdogo mmoja, mnene, anakoroma. Wale wawili wanaacha ugomvi wao, wanakuja kuchungulia.

"Huyu naye ni nani?"

"Anaitwa Kesho," linasema tranka. "Haumwi. Ni vile tu hajawahi kuamshwa."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega ili wasianguke. Natazama juu, kama mtu anayekagua dari. Masikio yananiwaka.

Hapo ndipo naona kwamba dari ni karatasi. Pembe yake moja imekunjwa, imeshuka mpaka chini, imelikandamiza bega la yule bwana.

"Umeiona sasa?" ananiuliza kwa upole unaoniumiza kuliko matusi. "Unaniita mtu asiyeujua moyo wake. Mimi niliamua zamani, bwana mkubwa. Kubisha kwangu kumeandikwa ukurasa unaofuata. Wewe ndiye uliyekunja hapa. Tangu siku ile mkono haushuki wala haugongi."

"Ukurasa unaofuata?"

"Mstari wa kwanza."

Napanda juu ya tranka langu, ambalo linalalamika kwamba mimi ni mzito, na kwa mikono yangu miwili naikunjua ile pembe. Inalia kama bati wakati wa jua kali. Yule bwana anashusha pumzi, anabisha.

"Hodi!"

Sasa tuko bwaloni. Mlango wa kijani umesimama peke yake katikati ya meza, na wahusika wote wa riwaya wamekaa na mabakuli ya uji, wananitazama miguu. Nimevaa kiatu kimoja. Soksi ya mguu wa pili ina tundu, na kidole gumba kimetoka nje kusikiliza.

Mlango unafunguliwa na Otilia. Amejitanda kitenge kile kile cha Jumapili, nywele zake ni zile zile zenye mvi, na mkononi ameshika kiatu changu.

"Samahani, dada," yule bwana anamwambia. "Wangu yuko chumba cha ndani."

"Pita, kaka. Ugali wako umefunikwa."

Anapita. Otilia ananigeukia.

"Ponsi. Umemaliza?"

"Nimefika pazuri."

Bwalo zima linaguna.

"Sikukuuliza umefika wapi."

"Sijamaliza, Otilia."

"Haya. Tuache kitabu. Wewe mwenyewe una neno?"

Neno ninalo. Nageuka, naliona. Kesho ameamka! Ametoka trankani na usingizi machoni, amelibeba neno langu kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni, anapita kati ya meza kwa hatua fupi fupi, na wahusika wanavuta miguu yao wampishe. Imebaki meza moja.

Kengele ya kimya inalia.

Shuleni kwetu, kengele ya kimya ikilia hakuna anayefungua kinywa mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyeisimamia kanuni hiyo, na nilijivuna nayo. Nafunga kinywa, naunganisha visigino, kimoja cha ngozi na kimoja cha soksi, nanyoosha mikono ubavuni.

Hakuna mwingine anayeitii. Wapishi wanapiga soga. Chumba cha ndani yule bwana anacheka, na mwanamke anacheka naye.

"Ponsi, ni kengele tu," anasema Otilia.

Nasimama wima.

"Shule ilikwisha, Ponsi."

Nasimama wima. Natambua kwamba nasimama vizuri sana.

Kesho amefika miguuni pangu. Ananyoosha mikono juu, neno linatikisika, linaanza kumwagika. Ananitazama. Mimi natazama mbele, kama nilivyofundishwa.

Otilia anasubiri mpaka uji wa mabakuli yote unaganda utando. Kisha ananichomoa riwaya kwapani, ambako sikujua kwamba ilikuwako. Anachuchumaa, ananivika kiatu mguuni, anafunga kamba kwa mafundo mawili, kama mtu anayemfungia mwenzake mwenye safari ndefu.

"Kitabu nimepokea," anasema. "Na kiatu chako hicho. Hatudaiani."

Anaingia, anafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilijiambia kwamba mtu mwenye akili timamu hasumbuliwi na ndoto, nikashusha miguu sakafuni. Wa kulia ulikutana na saruji ya baridi. Wa kushoto ulitoa mlio wa kisigino.

Kilikuwa ni kiatu changu cha zamani. Ngozi ilikuwa na nyufa, lakini kilikuwa kimepigwa rangi, na kwa namna kilivyong'aa, kilikuwa kikipigwa rangi mara kwa mara kwa miaka yote hiyo. Kamba ilikuwa na mafundo mawili. Mimi hufunga fundo moja.

Nilikwenda rafuni. Kati ya kamusi na kitabu cha nyimbo za misa palikuwa na nafasi tupu, na vumbi limeizunguka kwa umbo la kitabu.

Nikafungua kabati, nikatoa mwenzake wa kulia, ambao sikuwahi kuutupa, nikauvaa. Vyote viwili vilinienea. Nilikaa kitandani nimevaa viatu, nikalisema lile neno kwa sauti, lote, mpaka mwisho. Chumba kilikuwa kimya, na lilisikika vizuri.

Deni limelipwa. Jumapili hii, baada ya misa, Otilia hatakuwa na la kuniuliza.