Mfuko wa Ndani

Shemasi Protais alikuwa na koti moja la kanisani, na lilishonwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alisaidia kumtenga. Hebu fikiria kuvaa jambo kama hilo kila Jumapili.

Mtu huyo ni Itangishaka, fundi cherehani wa mtaa wa Kimanga. Sare za kwaya nzima zilitoka mikononi mwake, na kuimba aliimba kuliko wote. Halafu jirani mmoja akapeleka maneno kwa wazee wa kanisa kwamba kuna mwanaume hutoka nyumbani kwa fundi kabla jogoo hajawika. Wazee wakamwita. Itangishaka hakuzunguka.

"Ni kweli," alisema. "Napenda mwanaume, na namupenda Yesu. Jina ya ule muntu sitaisema."

Mchungaji Hyacinthe akauliza nani anakubali atengwe. Mikono ikapanda, na mkono wa Protais ukapanda pamoja na mingine. Ndio mkono uliokuwa ukifungua ule mlango wa fundi alfajiri.

Tangu hapo Itangishaka hukaa kiti cha nyuma, karibu na ukuta wenye alama ya maji ya mafuriko. Ni mahali pa waliotengwa, na hakuna mwenyeji anayekaa hapo kwa bahati mbaya. Haimbi wala hashiriki Meza ya Bwana. Sare zake, hata hivyo, kwaya inaendelea kuzivaa. Watu wetu wa mtaa wa Mulongwe ni wepesi sana wa kusamehe nguo.

Kila mwezi, siku ya Meza, Protais ndiye husoma onyo la Mtume Paulo, kwamba anayekula isivyostahili anakula hukumu yake. Kisha hupitisha sinia la mkate mstari kwa mstari, na akifika kiti cha nyuma, hugeuka. Mwisho mashemasi hupewa mkate wao kule mbele, na hapo ndipo alipokuwa mjanja. Kila mara aliinamisha kichwa kama anayeomba, mkono ukapita mdomoni bila kuacha kitu, ukateremka mpaka mfuko wa ndani wa koti. Itangishaka ndiye aliyeuongeza mfuko huo, upande wa moyo, bila kuombwa. Protais aliogopa kula, akaogopa pia kutupa. Vipande alivificha nyumbani katika mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, vikakauka kama changarawe.

Aliamini anaijua dhambi yake: ni kumpenda Itangishaka. Alipanda milimani mpaka Rurambo kufunga na kuomba iondoke. Akashuka amekonda yeye, mapenzi yamenenepa.

Jumamosi moja, mkesha wa Meza, alipeleka koti Kimanga lishonwe kifungo. Alimkuta Itangishaka akifunga cherehani kwa kamba.

"Unaenda wapi?"

"Ku muji ya Baraka. Kesho nitasali, nitaaga ile kiti yangu ya nyuma, halafu niende."

"Tafazali, ngojea kidogo. Niko naomba Mungu anikomboe."

"Akukomboe na nini? Na minye?" Itangishaka alijigusa kifua, akamalizia kifungo cha koti, akakata uzi kwa meno. "Protais, Mungu hajanifukuza. Weye ndiye ulinyoosha mukono. Kila mwezi unakuja na sinia, unaniona, unageuka. Ile ndiyo inaniuma. Kukupenda hakujaniuma hata siku moja."

Protais alichukua koti lake akaondoka, na aibu ilimchoma njia nzima mpaka Mulongwe.

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa Generose uani, akiwatupia kuku chakula. Generose ni mjane, mwimbaji wa kwaya, na ndiye aliyemlea; Protais humwita yaya, yaani dada. Ule mkebe ulikuwa mkononi mwake, mtupu.

"Yaya! Unawapa nini?"

"Mikate yako ya kabatini. Unaificha kama panya, juu ya sababu gani?"

Protais alijitupa chini akajaribu kuwanyang'anya kuku. Jogoo akamdonoa mkono. Akaanza kulia pale vumbini, mwanaume mzima, shemasi.

"Ni mukate ya Meza, yaya. Ni mwili ya Bwana!"

Generose alishika mdomo. Aliwatazama kuku, akangoja. Hakuna aliyeanguka. Mmoja alijisaidia, akaendelea kuchakura. Generose akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hawa wamekula na hawakufa. Weye unaogopa nini?"

"Hukumu. Niko na zambi."

"Zambi gani?"

Protais alipangusa pua kwa kiganja. Alikuwa amechoka kubeba.

"Ule muntu alikuwa anatoka kwa Itangishaka asubui," alisema. "Ni minye."

Kicheko kikakatika. Generose alikunjakunja pindo la kitenge chake. Hakumkumbatia, wala hakumfukuza.

"Na ulinyoosha mukono," alisema mwishowe. "Ile ya kupenda, minye sijue. Nitamuuliza Mungu. Lakini ile ya mukono najua jina yake. Petro alimukanaka Yesu vile."

Jumapili Protais alisoma onyo. Alipitisha sinia. Kwenye kiti cha nyuma alimwona Itangishaka na begi la safari miguuni, na miguu yake mwenyewe ikageuka kama ilivyozoea. Alijichukia. Akarudi mbele, Mchungaji Hyacinthe akampa kipande chake, naye akainamisha kichwa. Mkono ukateremka, ukagusa koti, ukaukuta mfuko. Hapo ukasimama.

Protais aligeuka, akashuka katikati ya mistari na mkate kiganjani. Kwenye kwaya Generose aliinamisha macho, kisha akayainua. Protais alienda mpaka mwisho, akakaa kando ya Itangishaka. Vichwa vyote vikageuka, na Mchungaji akabaki ameshika kikombe, mdomo wazi.

"Rudi mbele," Itangishaka alinong'ona. "Watakutenga."

"Najua."

Aliumega mkate, makombo yakamwangukia kotini. Nusu alitia mdomoni. Ulikuwa laini, alikuwa amesahau kwamba mkate huwa laini. Nusu ya pili alimnyooshea Itangishaka, kwa mkono uleule uliopanda mbele ya wazee.

"Unisamee," alisema.

Itangishaka aliutazama ule mkono, mpaka Protais akadhani hatapokea.

"Umechelewa," alisema, akachukua mkate, akala.