Kouraichia Binti Sittina

Mimi sikuzaa. Naanza na hilo kabisa, maana watu wa kisiwa chetu cha Nosy Be ukiwaambia hawakubali. Wananiita Mama Kouraichia, wananipa pole ya kufiwa na mwana, na muuza samaki wa Ambanoro kwa mwezi mzima alinichagulia walionona kwa ajili ya msiba wangu. Nami nikawapokea samaki wake. Lakini Kouraichia hakuwa mwanangu. Nilimzidi miaka minane tu.

Tulikuwa waigizaji wa kundi moja. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa ule wa binti wa kadhi anayetoroka siku ya harusi yake. Yeye alikuwa Kouraichia, mimi mama yake, na kwa kuwa jina langu la Sittina lilimfaa mke wa kadhi, mwandishi akaliacha lilivyo. Nilikuwa napakwa unga wa muhogo kichwani ili nionekane nina mvi. Tuliucheza miaka ishirini na miwili: Hell-Ville, Dzamandzar kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, Nosy Komba juu ya mikeka. Mwisho unga ukakosa kazi, mvi zikaja zenyewe.

Jina lake la haki lilikuwa Faouzia. Baba yake, mzee Mmadi wa Mahajanga, siku aliyoambiwa kuwa binti yake ameingia katika kundi hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Nenda, lakini jina nililokupa lisipande jukwaani." Mwingine angemjibu baba yake ovyo. Faouzia aliliweka lile neno kichwani kama mtungi wa maji. Tangu siku hiyo akawa Kouraichia, jukwaani na sokoni, kwa rafiki na kwa adui. Mimi peke yangu nilijua, na mimi pia aliniapisha. Siku moja faraghani jina lile likaniponyoka mdomoni, akaninunia siku mbili nzima.

Alikufa mwaka huu, mwaka wa tatu tangu tupate bendera yetu, nyumbani kwetu Ambanoro. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nilikuwa nampepea. Alifumbua macho akasema, "Mama." Nikamjibu vile nilivyomjibu jukwaani miaka yote: "Nipo, mwanangu." Akafumba macho, na ndiyo ikawa basi.

Sasa, kwetu maiti akilazwa kaburini huitwa kwa jina la mama yake, si la baba. Kabla jeneza halijatoka, fundi, mwalimu wetu wa Kurani, alisimama mlangoni akauliza, "Binti wa nani?" Mimi nilikuwa ndani, ulimi umeninata. Jirani yetu Saindou, mtu ambaye hajawahi kuulizwa jambo akakaa kimya, akamjibu, "Binti Sittina, nani asiyejua?" Wakaenda wakamwita hivyo, mara tatu, juu ya kaburi: Kouraichia binti Sittina.

Nilisikia, nikanyamaza. Nitasema ukweli, maana sina wa kumwogopa tena. Nilinyamaza kidogo kwa sababu ya kiapo. Sehemu kubwa nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza.

Basi sikupata raha tena. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kila niliposikia watu wanamwombea, nilijiuliza dua hizo zinakwenda kwa nani. Kouraichia binti wa kadhi hana kaburi. Alizaliwa katika daftari la mwandishi wetu, mwalimu mmoja wa Hell-Ville aliyekuwa akipenda kahawa kuliko kazi. Na mwenye kaburi hakuna anayemtaja.

Siku ya thelathini na nne ikaja barua ya Elamine. Huyu Elamine alikuwa kiongozi wa kundi letu miaka ya mwisho, kisha akahamia Mahajanga kusimamia ukumbi mmoja wa sinema. Ameandika kwamba siku ya arubaini atasomesha hitima kubwa nyumbani kwa fundi Youssouf, mtaa wa Mahabibo, na baada yake wataonyesha ukumbini ile filamu ya mchezo wetu, ili nchi huru iwakumbuke wasanii wake. Amechapisha na karatasi za kubandika ukutani. Moja ameitia ndani ya barua. "Kouraichia binti Sittina," imeandikwa kwa herufi kubwa, "aliyezaliwa nyuma ya pazia, akanyonya akiwa jukwaani."

Akanyonya! Nilikaa chini nikaisoma tena. Huyu mtu amekula nasi sahani moja miaka sita, na yeye pia ameuamini mchezo. Na mtaa wenyewe ni Mahabibo, alikozaliwa Faouzia, ambako mama yake yu hai mpaka leo. Nikafunga kanga zangu mbili nikateremka bandarini Hell-Ville.

Meli ya pwani ilikuwepo, lakini ilikuwa ikingoja magunia ya sukari kutoka Dzamandzar. Kesho, wakasema. Kesho ikawa keshokutwa. Nilikwenda gatini asubuhi na jioni. Karani, ambaye usipomsemesha Kifaransa hakuoni, alichoka kunitazama nikizungukazunguka akaniwekea kiti, na sikukikalia. Tulipong'oa nanga ilikuwa imebaki siku moja na nusu, na njia nzima nilitembea sitahani huku na huku mpaka abiria mmoja akaniuliza kama nina nia ya kufika kwa miguu.

Tulifika Mahajanga asubuhi ya siku ya arubaini yenyewe. Nilikwenda kwanza kwa Elamine. Nilimkuta juu ya ngazi anaziba madirisha ya ukumbi kwa magunia ili filamu ionekane mchana. Kuniona tu akashuka na mikono wazi.

"Mama Kouraichia! Pole, mama. Kiti chako nimekiweka mbele kabisa."

"Elamine," nikamwambia, "mimi nilimzaa mwaka gani?"

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha. Nikamwambia kwamba jina lililoko kwenye karatasi zake si jina la marehemu, na mama aliyeandikwa si mama yake, na kwamba jina lenyewe nimeapa nisiliseme. Akajifuta uso kwa gunia.

"Karatasi zimebandikwa mji mzima," akasema. "Na fundi anayo moja mkononi. Sasa nimwambie aombee jina gani, ikiwa wewe mwenyewe hulitaji?"

Hapo alikuwa na haki, na ilinikera kwamba alikuwa na haki. Mzee Mmadi aliyekataza ameshakufa. Amebaki mtu mmoja tu wa kuniruhusu.

Bi Hayrat, mama yake Faouzia, nilimkuta kibarazani kwa ndani, tasbihi mkononi. Umri wake unakaribia sabini. Hatukuwahi kuonana, lakini alinijua. Kwa kiwiko changu, nilifikiri kwanza, maana katika ile filamu ndicho pekee kilichobaki changu. Wafaransa walikuja Dzamandzar miaka mitano nyuma, wakatupiga picha kutwa nzima juani, kisha wakakatakata. Faouzia akabaki dakika tatu, mimi nikabaki kiwiko. Lakini Bi Hayrat hakuwahi kuingia ukumbini, kwa hiyo nadhani majirani ndio waliomwambia kuwa nimeshuka melini. Alinikaribisha kwa Kingazidja safi, lugha ya wazee wetu, taratibu.

"Pole, Sittina. Nasikia umefiwa na binti yako."

Akanionyesha mkeka, nikabaki nimesimama.

"Bi Hayrat, nimekuja kwa adabu. Adhuhuri ikisha, fundi Youssouf atamwombea mtu ambaye hayupo. Aliyeko kaburini ni mwanao. Niruhusu nilitaje jina lake."

"Baba yake alikataza."

"Alikataza jukwaani. Hitima si jukwaa."

"Mwanangu alitoka humu ndani akaenda kucheza mbele ya wanaume," akasema. "Tangu siku ile hakunitumia hata salamu."

"Angekutumia kwa jina gani?" Nilijua napandisha sauti kwa mwanamke aliyenizidi umri, tena nyumbani kwake, na sikuweza kujizuia. "Jina lenu alilitunza kuliko macho yake. Hapa Mahajanga hakupanda jukwaa hata siku moja. Elamine alimbembeleza, akamwahidi ukumbi mzima, akakataa. Alisema baba yake anapita njia ile kwenda msikitini. Yeye ameshika neno lenu mpaka kufa, na nyinyi mnamwacha azikwe kwa jina la mchezo."

Tasbihi ikasimama. Nikajua nimevuka mpaka, nikawa nangoja kufukuzwa. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo:

"Alipokuwa anakata roho, alimwita nani?"

Jamani. Siku arobaini nimelibeba hilo neno moja. Ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo nililokuwa nalo. Sikuzaa, nimesema, aliyepata kuniita mama ni huyo mmoja, na hata huyo aliandikiwa aniite. Asubuhi ile hapakuwa na daftari, hapakuwa na watazamaji, akafumbua macho akasema. Nilitaka sana liwe langu. Nilitoka Nosy Be nikijiambia kwamba lolote nitakalorudisha Mahajanga, hilo sitalirudisha.

"Alisema, 'Mama,'" nikamwambia. "Na mle ndani mama yake hakuwemo."

Bi Hayrat hakulia. Aliinuka kwa shida, nikataka kumshika, akaniondoa mkono.

"Nipe shiromani yangu ya kujifunika, pale msumarini," akasema.

Nyumbani kwa fundi Youssouf wanaume walikuwa uani, wanawake chumbani nyuma ya pazia. Tuliingia juzuu zikiwa zinarudishwa kasandukuni. Wanawake wa Mahabibo walipomwona Bi Hayrat mlangoni wakasogeana kumpisha bila kuambiwa. Kumbe wengi walijua. Waliinyamazia aibu ya mzee Mmadi miaka yote kama mimi nilivyonyamaza. Tukasikia fundi uani anakohoa, anakunjua ile karatasi ya Elamine.

"Tunamwombea marehemu Kouraichia," akaanza, "binti—"

"Faouzia," akasema Bi Hayrat.

Hakupaza sauti, lakini pazia ni nguo tu. Nilimsikia fundi akiuliza kwa upole, "Binti wa nani?"

"Binti Hayrat."

Fundi akaomba hivyo, kwa jina hilo, tangu mwanzo. Nikaitikia amin pamoja na wenzangu. Ilinitoka sawasawa, na niliposikia jina langu halimo niliumia, sifichi.

Saa kumi watu walijaa ukumbini. Elamine alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa nne; akasimama nayo, akaitazama, akaona karibu kila mstari una uongo, akaikunja akasema tu kwamba amekosea na anaomba radhi kwa mama wa marehemu. Kwa Elamine, hiyo ilikuwa hotuba yake bora. Nilimkalisha Bi Hayrat kwenye kile kiti changu cha mbele, mimi nikakaa kando yake. Alijifunika shiromani mpaka puani. Mwanga ulipotoka nyuma yetu na ukuta ukapata watu, alinishika mkono kwa nguvu, maana hakuwahi kuona jambo kama lile.

Kuna kitu inabidi nikieleze. Ile dakika ya mwisho, Kouraichia yuko mlangoni na furushi lake la nguo, anageuka kumuaga mama yake. Kwa kuwa mimi nilikatwa, anaonekana anageukia watazamaji, macho yake ndani ya macho yako, anasema, "Mama, nisamehe." Kisha kimya. Jibu langu halimo. Kwa hiyo huko Nosy Be, kila filamu ilipoonyeshwa, nilikuwa najibu kutoka kwenye benchi, kwa sauti yangu ya jukwaani, na watu walikuwa wanapiga makofi mpaka benchi zinatikisika. Hapa pia sifa hiyo ilikuwa imenitangulia. Dakika ile ilipokaribia nilisikia nyuma yangu watu wanatulia, wanangoja. Nikavuta pumzi.

Faouzia akageuka. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na jasho la Dzamandzar usoni.

"Mama," akasema, "nisamehe."

"Nipo, mwanangu," akajibu Bi Hayrat.

Alijibu polepole, akiinuka kitini, shiromani imemdondoka mabegani. Hakuna aliyepiga makofi. Mimi mdomo ulikuwa wazi, na jibu langu limeshafika kwenye meno. Nikaufunga.