Upande wa Ukutani

Mhadhiri wa siasa, ambaye wanafunzi walimwita Daktari Tai kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, alikuwa na utaratibu wake. Anayekubaliana naye aketi upande wa dirishani, asiyekubaliana aketi upande wa ukutani. "Kwangu kila mtu ana uhuru wa kusema," alipenda kujisifu. Basi dirishani wanabanana wanne kwenye benchi la watatu, na ukutani hakai hata mtu.

Mfagiaji wa ukumbi ule alikuwa na binti wa mdogo wake katika darasa hilo, mwaka wa mwisho. Daktari alitaka serikali ipange bei ya mahindi. Binti akaandika katika insha yake kwamba isipange. Akapata thelathini kwa mia. Sasa ulibaki mtihani mmoja tu, na akianguka, anarudia mwaka.

Asubuhi moja mfagiaji akamkuta kajikalia ukutani, peke yake.

"We mtoto, una wazimu? Hamia dirishani!"

"Mama mkubwa, nimechoka kusema nisichokiamini."

"Si uamini kimya kimya! Mama yako atanitafuna mimi."

Wenzake wakajaa dirishani, kisha Daktari akaingia. "Mwenzetu amepotea njia?" Darasa likaangua kicheko.

"Sijapotea, Daktari. Baba yangu mkulima. Bei ilipopangwa, haikurudisha hata gharama ya mbolea..."

Akakatizwa. Akaanza tena, akakatizwa tena.

"Upande huo uko wazi mwaka mzima," Daktari akasema. "Mbona hukuwahi kukaa?"

"Niliukalia kwa kalamu, nikapata thelathini."

Mfagiaji, pale mlangoni na ndoo yake, alitamani ardhi immeze.

Kipindi kilipokwisha, Daktari akabaki. Akapitisha kidole kwenye benchi la nyuma, ukutani kule kule. Kikatoka cheusi.

"Mama, huku husafishi?"

Mfagiaji akaona kibarua kinaota nyasi. Lakini aongope nini, na vumbi lile pale?

"Nisamehe, Daktari. Mimi nafuta palipokaliwa. Huku, kabla ya leo, hakukaa mtu tangu muhula uanze."

Daktari akakitazama kile kidole. Kisha akatoa leso, akajifuta, akaenda zake.

Siku ya mtihani aliwaambia waandike namba badala ya majina, na karatasi zote akampelekea mhadhiri mwenzake azisahihishe. Kisiasa wawili hao walikuwa paka na panya. Daktari mwenyewe msimamo wake hakuubadili hata chembe.

Matokeo yakatoka. Binti akaja amenuna.

"Hamsini na mbili! Na yule aliyesahihisha tunakubaliana kila kitu, mama mkubwa! Eti kaniandikia, 'Ushahidi uko wapi?'"

"Umefaulu, hukufaulu?"

"Nimefaulu."

"Alhamdulillahi. Haya, shika ufagio ule, na huku unafagia unieleze. Ushahidi ulikuwa wapi?"