Kindi Mwekundu wa Bi Hilda

Edwin Raistrick alikuwa amewatega kindi wa kijivu katika misitu ya Patterdale, Uingereza, mpaka magoti yakachakaa. Kindi hao hawakuwa wa nchi hiyo. Matajiri wa zamani waliwaleta kupamba bustani zao. Wakazaana, wakawapokonya wenyeji wekundu chakula, na baya zaidi, wakaja na ndui isiyowadhuru wao ila inayowamaliza wekundu.

Asubuhi moja ya mvua jirani yake Hilda, mjane, alimpigia simu. Walikuwa hawasemezani tangu siku Hilda alipomfumania anatega mtego uani kwake, akamwita mchinjaji.

"Njoo. Mwekundu wangu haoni."

Edwin alimkuta kindi chini ya sanduku la karanga ambamo Hilda aliwalishia kindi, macho yamezibwa na magamba, anatetemeka. Hata kukimbia hakujaribu.

"Wa kijivu wanakuja hapa?"

Hilda alivuta sweta yake. "Wawili. Wana njaa kama wengine, Edwin."

"Ungeniambia."

"Ungewaua."

"Ningewaua, ndiyo."

"Si ndiyo maana!"

Edwin alipiga goti kwenye matope, akamfunika yule mnyama kwa taulo. Mwepesi kama soksi.

"Atapona?"

"Huyu haponi."

"Basi nimemuua mimi, na karanga zangu."

Edwin alitaka kuitikia. Maneno ya kumwambia alikuwa nayo tangu siku ile ya mtego, makali kweli kweli. Sasa alipoyatafuta, hakuyaonea hamu.

"Nishike mkono niinuke," alisema. "Goti hili limegoma."

Alimpeleka kindi nyuma ya banda la makaa, akammaliza upesi. Aliporudi, Hilda alikuwa amekwisha kuling'oa sanduku, anamwaga karanga kwenye pipa la taka, pua imemwiva kwa kulia.

"Lete mtego wako. Ila mimi sitazami."

"Hata mimi sipendi kutazama."

"Mwongo wewe."

"Haki ya Mungu, Hilda. Sijawahi kupenda."

Hilda akaingia ndani kuchemsha chai. Waliinywa wamesimama mlangoni. Juu ya ukuta wa mawe kindi wa kijivu alikuwa ameketi, mnene, manyoya yanang'aa kwa mvua, anaguguna kokwa.

"Na mzuri pia, maskini," Hilda alisema.

"Mzuri," Edwin alikubali. Akaweka kikombe chini, akaenda garini kuchukua mtego.