Marehemu Aenda Gerezani

Si kila siku mtu huenda gerezani kumsalimia muuaji wake. Lorna Pruitt alikwenda, tena amejipaka na rangi ya mdomo.

Miaka tisa nyuma alimtoroka mumewe West Virginia bila kumuaga hata paka, akajichimbia Alaska akipaa samaki kiwandani. Huku nyuma polisi wakamkamata Dewey, mpakiaji wa mifuko dukani, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, asiyejua kumkatalia yeyote. Baada ya maswali ya kutwa nzima na chupa moja ya soda, akakiri: alimnyonga Lorna, akamtupa mtoni. Maiti haikupatikana. Ya nini maiti, na mtu keshakiri?

Sasa Lorna amerudi, na kesho jaji atamuuliza Dewey swali moja. Wakili wa Dewey alishaonya: akisema tena kwamba aliua, hatoki, atahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Dewey we! Hebu nitazame. Mimi nimekufa?"

Dewey alirudisha kiti nyuma. "Pole, dada Lorna. Leo umewahi."

"Nimewahi? Kwani nilishakuja?"

"Unakuja kila siku. Ila huwa umelowa."

Lorna alicheka. "Mzimu gani unanuka vitunguu? Nimetoka kula soseji hapo nje! Nishike mkono."

Dewey aliugusa kwa ncha ya kidole. "Leo wamekupasha moto," alisema.

"Sikiliza. Jaji akikuuliza, sema hukuniua."

"Ndivyo unavyotaka?"

"Ndio ukweli, Dewey!"

"Mpelelezi naye alitaka ukweli. Alisema nikiutoa nitarudi nyumbani." Kisha akamsimulia taratibu, kwa huruma: kamba, matope, jinsi Lorna alivyomwita mama yake mara ya mwisho. Alipomaliza, Lorna alijikuta ameshika shingo yake kwa mikono miwili.

Kesho yake jaji aliuliza. Dewey akamtazama Lorna. Lorna akatikisa kichwa.

"Hapana, mheshimiwa. Sikumuua."

Wakili akamkumbatia. Imekwisha, yuko huru.

Katika gari la Lorna, Dewey alikataa katakata kukaa mbele. Walipolikaribia daraja la mto, aliinama kutoka kiti cha nyuma, akanong'ona kwa adabu:

"Asante kwa kunitoa, dada. Wewe unashukia hapa?"

Lorna alitafuta mzaha wa kumjibu. Mguu wake ulikuwa umeshakanyaga breki.