Shimo Lililoamkiwa Shikamoo

Ndugu Nikodemo wa Chuo Kikuu alishuka kwenye Landrova, akafuta miwani, akatamka neno lililomharibia safari nzima. Alisema, "Tumekuja kuwasaidia."

Kwetu huku juu ya Kifungilo, mtu akisema hivyo watu huenda kuangalia mbuzi wao kama bado wapo. Mkoloni naye alikuja kutusaidia. Alimsaidia babu yangu kuchimba matuta mlimani, mpaka mgongo wa babu ukawa tuta la mwisho. Kwa hiyo mama yangu Yudith, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vinapikiwa hadi Magoma, alimsikiliza mgeni huku mikono kaificha ndani ya khanga.

"Chuo kinataka kutunza sanaa za wenyeji," Ndugu Nikodemo akaendelea. "Ufinyanzi wa Wasambaa usipotee. Mama atuonyeshe tu anakochimba udongo, nasi tutaandika wilayani pasiguswe."

Mama anakijua Kiswahili vizuri, ndicho anachopatania bei na wanunuzi. Siku hiyo kilimpotea chote. Akanigeukia akasema kwa Kishambaa, "Jenoveva, muulize: akishapajua, atapafanya nini?"

"Mama anasema karibu sana," nikatafsiri.

Sasa, udongo wa vyungu kwetu ni wa wanawake. Mwanamume hafiki unakochimbwa. Akikanyaga pale, vyungu vya mwaka huo vyote vinapasukia motoni. Baba ameishi na mama miaka ishirini na mitano. Anajua ni bondeni, zaidi ya hapo hajui na hajathubutu kuuliza. Leo aje mtu na kalamu na viatu vya kamba?

Wanawake walishauriana kisimani, nami nikapewa kazi: mpeleke kwa Hezekia. Kwa Hezekia kuna shimo la udongo mwekundu wa kukandikia nyumba. Choo chetu kimekandikwa kwa udongo huohuo. Basi nikampeleka kwa heshima zote, na kwa kuwa shetani wangu halali, nikamwambia avue viatu.

"Na kabla hujagusa, unaliamkia shimo."

"Naliamkiaje?"

"Unainama kidogo. Unasema shikamoo."

Msomi wa watu akainama, kidole gumba kikichungulia kwenye tundu la soksi, akaliamkia shimo. Akasubiri. "Huwa linaitikia?"

"Ukiwa na bahati," nikasema, nikageukia migomba, nikakohoa.

Yote aliyaandika. Akachukua donge la udongo akalitia mkebeni, kisha mama akaitwa, na mbele ya kijiji kizima kilichokuja kutazama akampiga picha amesimama pembeni ya shimo, uso wake kama wa mtu aliye kanisani.

Miezi miwili ikapita. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Tobia, au mghosi Tobia kama tusemavyo kwetu, akaita mkutano. Ilikuwa mwaka sabini na nne, kila kijiji kinatakiwa kiwe na shamba la ujamaa, na letu la kabichi lilikuwa limepangwa kwa Hezekia. Tobia akakunjua barua ya wilaya, akaisoma kwa sauti ya mahubiri: kwa ombi la Chuo Kikuu, kwa Hezekia ni mahali pa urithi, pasichimbwe wala pasilimwe.

"Kwa hiyo kabichi zinahamia bonde la Kwemdimu," akasema. "Jumatatu ijayo tunachimba mifereji."

Mama alinishika mkono akaufinya kama anatafuta mawe ndani yake. Bonde lile ndilo.

Akasimama. "Mwenyekiti, bonde lile msilichimbe."

"Lina nini?"

Wanaume wote wakageuka kumtazama. Mama akajifunga khanga upya. "Lina maji mengi."

"Ndiyo maana tunachimba mifereji, mama Jenoveva!" Watu wakacheka. "Kama ni udongo wako, si uko kwa Hezekia? Ulituonyesha mwenyewe, ukapigwa na picha."

Tulipofika mlangoni mama akanigeukia. "Unaona? Niliuliza akishapajua atapafanya nini."

"Lakini mama, hakupajua."

"Nyamaza."

Ijumaa Landrova ikarudi. Safari hii ilibeba kibao cha mbao kimeandikwa MAHALI PA URITHI, na mwanamke wa umri wa kati yangu na mama, nywele zimesimama wima kichwani. Huyo alikuwa Ndugu Asha, naye anafundisha Chuo Kikuu, mzaliwa wa Usangi.

"Shikamoo mama," akapiga goti.

"Marahaba. Mpare?" Mama akaguna, Wapare ni watani wetu. "Jenoveva, ficha vijiko."

"Usihangaike, mama. Wapare tunaiba vitu vya thamani tu."

Mama hakucheka. Alininong'oneza, "Mwanamume ameshindwa, sasa wametuma mwanamke. Wameshtuka hawa."

Tukaenda kwa Hezekia kusimika kibao. Ndugu Nikodemo akaanza kufungua kamba za viatu.

"Vaa viatu, Nikodemo," Asha akamwambia. Aliinama, akafinya udongo kidogo, akautafuna kwa meno ya mbele, akatema. Kisha akamsogelea mama, sauti chini. "Mama, chungu cha udongo huu kinafika jikoni kweli?"

"Inategemea jiko," mama akajibu. Kiswahili chake kilikuwa kimemrudia ghafla.

"Jana tumesikia wilayani kwamba Jumatatu mnachimba Kwemdimu. Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Kama kuna neno, niambie leo."

Mama alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama chungu anachodhani kina ufa. Akaenda nyumbani, akarudi na donge jeusi lililofunikwa majani mabichi ya mgomba. Akaliweka chini mbele ya Asha. "Watoto wa wafinyanzi ni wengi mdomoni. Finyanga."

Asha akaweka daftari lake chini, akakunja mikono ya gauni. Bila kuambiwa aliomba gunzi la muhindi, akalitumia kukwangua ndani. Chungu alichotoa kilikaa upande, kama mghosi Tobia akitoka harusini. Ila mama hakukitazama chungu. Macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba kinachosukuma udongo kutoka ndani.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai. Chungu hiki angekivunjia kichwani kwangu."

"Daftari liache hapa," mama akasema. "Na kurudi utabeba mzigo."

Wakashuka wawili. Mimi na Ndugu Nikodemo tukabaki na kibao. Kabla hajapotelea kwenye kona, mama alinigeukia akanipa jicho: soma. Nikalifungua daftari. Tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita, huko Dar es Salaam.

"Donge la Nikodemo ni la kukandikia. Mama anaficha. Na mimi ningeficha. Asiulizwe mbele ya wanaume." Na chini yake: "Shikamoo ya shimo: binti ametunga. Iondolewe."

Masikio yakaniwaka.

"Limeandikwa nini?" Ndugu Nikodemo akauliza.

"Mambo ya wanawake."

Akalitazama shimo. "Jenoveva, shimo hili limewahi kumwitikia mtu yeyote?"

"Muulize Hezekia, ndiye jirani yake."

Walirudi na matope mpaka magotini, mizigo vichwani, mama akitembea mbele. Asha alinawa, akaegemeza karatasi kwenye boneti ya Landrova, akaandika: "Bonde lote la Kwemdimu, kutoka njia ya juu hadi mtoni, ni la wafinyanzi. La kwa Hezekia tulikosea sisi." Mama alinifanya nimsomee mara tatu, akitafuta shimo ndani ya maneno. Halikuwemo.

Siku hiyohiyo walishuka Lushoto, na Jumapili mghosi Tobia alisoma barua mpya yenye muhuri. Alikuna kichwa. "Urithi wenu unatembea kuliko mimi," akasema, na kabichi zikarudi kwa Hezekia. Kibao kikasimikwa juu kabisa, mwanzo wa njia ya kushukia bondeni.

Jumatatu mama alichukua kikapu na jembe, nikamfuata. Alipofika kwenye kibao alisimama, akakizunguka polepole, kama mtu anayemzunguka mbwa wa jirani ambaye bado hajabweka. Kisha akaiacha njia, akaingia kwenye magugu.

"Mama, njia ni hii."

"Ilikuwa, kabla haijaandikwa," akasema, akaendelea kushuka.